MKONGE KATIKA NCHI KAVU
Maneno ya Bwana Shamba kwa wakulima wa Makutupora



Habari ninayotaka kuwapa leo ni ya mkonge. Najua wengine watacheka. Watasema, Bwana Shamba, mkonge ni zao la watu wa Tanga, sisi ni watu wa mtama na uwele. Tena watasema, hapa petu pana kituo cha utafiti wa zabibu, mbona hutuelezi zabibu? Zabibu ni zao zuri na wataalamu wake wapo hapa hapa, kawaulizeni. Lakini zabibu zataka fedha ya nguzo, ya waya na ya dawa kabla hujaona kichala kimoja. Mimi leo nasema juu ya mahali ambapo hamlimi kitu: mipaka ya mashamba, kingo za makorongo, na ile ardhi ya changarawe ambayo mtama hutoka njano na kufa kabla ya Februari. Hapo ndipo mahali pa mkonge.

Mvua yetu mnaijua. Ni ya msimu mmoja, huanza Desemba au mwisho wa Novemba na kukoma Aprili. Kwa mwaka mzima twapata milimita 550 hadi 600 hivi, na miaka mingine hupungua sana. Baada ya hapo ni miezi saba ya jua na upepo. Mmea wa kukaa shambani miaka kumi katika nchi ya namna hii hauna budi kujua kujiwekea akiba ya maji, na mkonge wajua.

Nitawaeleza jinsi unavyofanya, maana mkulima akijua sababu hukumbuka kazi. Kila jani la mmea lina matundu madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Mahindi hufungua matundu hayo mchana ili yavute hewa, na wakati huo huo maji hutoka kwenye jani kama mvuke. Ndiyo maana ukipita kwenye mahindi saa nane mchana mwezi wa Februari wayaona yamejikunja. Mkonge hufunga matundu yake wakati wa jua kali na kuyafungua usiku, wakati hewa ina ubaridi. Hewa inayovutwa usiku huwekwa ndani ya jani kama uchachu, na mchana jani huitumia kujijenga huku matundu yamefungwa. Tena jani ni nene, lina mnofu wenye maji, na ngozi yake imepakwa nta. Mshubiri na mpungate nao wana tabia hiyo hiyo. Kwa hiyo msifikiri kwamba mkonge hauhitaji maji. Wayahitaji, ila hauyapotezi.

Mkonge si mmea wa asili ya kwetu. Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza vikonyo 1,000 kutoka Florida, Marekani. Vikasafirishwa kwa njia ya Hamburg, na vilivyofika vikiwa hai katika pwani ya Tanga vilikuwa 62 tu. Katika hivyo 62 yakatokea mashamba makubwa ya Tanga, Korogwe, Morogoro na Kilosa. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa. Kisha kamba za plastiki zikajaa duniani, bei ikaanguka, mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na kufika mwisho wa miaka ya 1990 mavuno ya nchi nzima yalikuwa karibu tani 20,000. Sasa watu wa nchi nyingi wameanza kuichoka plastiki na kutafuta tena kamba inayooza ardhini, na Serikali yetu imeuweka mkonge katika mazao yake ya kimkakati. Nimewaambia habari ya vile vikonyo 62 kwa sababu wako wanaoniuliza watapata wapi lori zima la miche. Huhitaji lori. Ukipata vikonyo sitini vizuri na kuvitunza, baada ya miaka michache utawagawia jirani.

Kabla sijaendelea, nataka jambo moja lisikike hata kwa yule aliyekaa mwisho pale chini ya mbuyu. Singa hailiwi. Wazee wa Ugogo bado wanaitaja njaa ya Mtunya, ile ya miaka 1917 hadi 1920, na hakuna mzee atakayemsifu mtu aliyeng'oa mtama ili apande kamba. Akija mtu na karatasi ya mkataba, akasema panda mkonge eka zako zote, utakuwa tajiri, mwulize maswali matatu. Mashine ya kukwangua majani iko wapi? Nani atalipa gari la kuyapeleka huko? Na miaka mitatu au minne kabla ya kukata, watoto watakula nini? Asipojibu, mpe maji ya kunywa aende zake. Jani la mkonge likikatwa lataka kukwanguliwa upesi, lisipite siku mbili, maana likikauka singa hung'ang'ania mnofu na kutiwa madoa. Kutoka hapa hadi Korogwe ni mbali. Mnofu na maji ndiyo sehemu kubwa ya jani. Katika kilo 100 za majani utapata singa kavu kilo 3 au 4 basi. Kusafirisha majani mabichi kwa gari ni kulipa nauli ya maji.

Kwa hiyo shauri langu kwa Makutupora ni hili: shamba lako la chakula liache lilivyo. Anza na mpaka. Ua wa mkonge utakuzuilia ng'ombe na mbuzi, utashika udongo, utakupa kamba za nyumbani na za kuuza mnadani, na siku ikipatikana mashine ya ushirika hapa karibu, majani yatakuwa tayari yamesimama yakingoja. Ikiwa haikupatikana, hukupoteza shamba.

Fikirini Kongwa, siyo mbali na hapa. Kuanzia mwaka 1947 Waingereza walifyeka pori lile kwa matrekta ili walime karanga eka maelfu kwa maelfu. Walikuwa na fedha nyingi na mitambo mingi, lakini mvua haikutosha na udongo katika kiangazi uligeuka mgumu kiasi cha kuvunja majembe ya chuma. Mwaka 1951 serikali yao ikauacha mpango ule. Kama wangeanza na kipande kidogo, wangeijua nchi kwa gharama ndogo.

Sasa juu ya ardhi. Mkonge hukubali udongo mwekundu, mchanga, changarawe na hata miamba iliyofunikwa na udongo kidogo. Hupenda zaidi udongo wenye chokaa. Kitu kimoja tu haukivumilii, nacho ni maji yaliyotuama. Ile mbuga nyeusi inayonata miguuni mwezi wa Januari na kupasuka mwezi wa Agosti haifai kabisa. Mizizi itaoza, mmea utakuwa wa njano, na wewe utasema mkonge ni mbaya. Chagua mahali penye mteremko kidogo.

Miche hupatikana kwa namna mbili. Kwanza kuna maotea, yaani watoto wanaotoka ardhini kando ya mama. Haya ni rahisi kupata, bali hayalingani: moja kubwa, moja dogo, jingine limepinda kwa kukosa nafasi. Yanafaa kuziba pengo la ua. Pili kuna vikonyo, na hivi ndivyo bora. Mkonge ukizeeka hutoa mlingoti mrefu katikati, mara nyingi kupita mita tano, nao huchanua. Maua yakisha kuanguka, vikonyo huota juu ya matawi ya mlingoti, mamia kwa mamia, kila kimoja ni mkonge mdogo wenye majani yake. Vikikomaa hudondoka vyenyewe. Okota vile vilivyonona, vyenye urefu wa kidole cha kati au zaidi. Vidogo na vilivyokunjamana waachie kuku wachakure. Wala usichukue vikonyo kutoka mmea wenye majani yenye madoa au uliodumaa, kwa sababu mtoto humfuata mama.

Angalia pia ni mkonge wa namna gani. Ule wa kawaida, ambao wengi wenu mmeuona kwenye mipaka ya zamani, hutoa majani 200 hadi 250 katika maisha yake yote, kisha hutoa mlingoti na kufa. Kuna mwingine, mkonge chotara unaoitwa namba 11648, uliozalishwa na watafiti wa Mlingano, wilaya ya Muheza. Huo hutoa majani mara mbili ya hayo au zaidi kabla ya kufa. Lakini una adui wake, ugonjwa wa kuoza unaotia majani mistari kama ya punda milia, na ugonjwa huo hupenda mahali penye unyevu. Kwa ua katika nchi kavu na kwa mtu anayeanza, naona mkonge wa kawaida unatosha. Anayetaka chotara apite ofisini kwetu tumsaidie kuuliza Mlingano, asinunue miche barabarani kwa mtu asiyemjua.

Vikonyo visipandwe moja kwa moja shambani. Jiwe likivifunika au mbuzi akivikanyaga, vimekwisha. Tengeneza kitalu karibu na nyumba, penye jua na udongo mwepesi. Lima vizuri, ng'oa magugu yote pamoja na mizizi, tia samadi iliyooza debe mbili tatu kwa tuta, na majivu ya jikoni kama unayo. Panda mwanzo wa mvua, kikonyo kwa kikonyo nafasi ya sentimita 25, mstari kwa mstari sentimita 50. Usikizamishe. Kitako tu kiingie udongoni, moyo ubaki wazi. Udongo ukiingia katika moyo, mche huoza.

Kazi kubwa ya kitalu ni palizi. Mkonge mdogo hauwezi kushindana na nyasi. Magugu yakimfunika mwezi mmoja hudumaa mwaka mzima. Kiangazi kikiwa kirefu mno waweza kumwagilia kopo la maji ya kuoshea vyombo mara moja kwa juma, ingawa wengi watapona bila hayo. Zungushia miiba. Mbuzi katika Septemba hana adabu, atavuta jani la katikati lililo laini na kuua mche.

Baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, miche itakuwa na urefu wa dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Sasa iko tayari. Ing'oe, kata mizizi yote ibaki mifupi kama kucha, ondoa majani makavu ya chini, kisha ipange kwa ukubwa: mikubwa pamoja, ya kati pamoja, midogo irudi kitaluni. Msiwaonee huruma midogo. Mkichanganya, mikubwa itaifunika midogo na ua wenu utakuwa na matundu kama meno ya mzee. Miche iliyong'olewa yaweza kulala kivulini majuma mawili matatu bila kufa, hata jeraha la mizizi likauke. Hii ni faida kubwa, maana yule mwenye punda mmoja aweza kusomba polepole.

Panda Oktoba au Novemba, kabla mvua haijaanza. Wengi wenu mnataka kungoja mvua ndipo mpande mkonge, lakini wakati huo mikono yote yahitajika kwenye mtama, na mkonge utapandwa Februari kwa haraka, au hautapandwa. Mche uliopandwa katika udongo mkavu utakaa kimya ukingoja, na mvua ya kwanza ikinyesha utatoa mizizi mara moja. Chimba shimo dogo tu, mche usizame zaidi ya ulivyokuwa kitaluni, kisha ushindilie udongo kwa kisigino pande zote. Uvute kwa mkono. Ukitoka, hukushindilia.

Kwa ua, panda mche kila nusu mita katika mstari mmoja. Shamba la eka moja lenye pande nne sawa lina mzunguko wa mita 255 hivi, kwa hiyo wahitaji miche kama 510. Mwenye nguvu na apande mistari miwili, mche wa mstari wa pili ukae mbele ya pengo la mstari wa kwanza, na hapo hata ndama hatapita. Mizizi ya mkonge haiendi chini sana, hutambaa karibu na uso wa ardhi. Ndiyo sababu huikamata hata mvua ndogo, na ndiyo sababu hiyo hiyo huiba maji ya mtama ulio jirani. Acha hatua mbili tatu kati ya ua na mstari wa kwanza wa chakula.

Hapa niseme neno juu ya jirani. Mkonge hutembea. Kila mwaka maotea hutoka upande huu na upande ule, na mwenye shamba asipoyang'oa, mpaka uliokuwa mstari huwa pori la hatua nne, na hatua hizo nne zitakuwa kesi. Nimeona ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kwa sababu ya ua. Kabla ya kupanda, mwite jirani, mwite mwenyekiti wenu, nyosheni kamba pamoja, pandeni mnaona wote. Baada ya hapo kila mwaka mwisho wa mvua ng'oeni maotea pande zote mbili. Wale mliozoea ua wa minyaa mwajua kwamba maziwa yake yakiingia jichoni ni hatari kubwa. Mkonge hauna maziwa hayo, lakini una mwiba mkali kwenye ncha ya kila jani. Kando ya njia ya watoto na ya ng'ombe, kata miiba yote kwa panga mara mbili kwa mwaka. Ni kazi ya asubuhi moja.

Kwenye makorongo panda kwa kufuata usawa wa ardhi, yaani kukingama mteremko, wala si kushuka nao. Anzeni juu korongo linapoanza, ambapo bado ni mfereji mdogo wa kuruka mtoto. Panda mistari miwili iliyokaribiana, weka mawe na matawi upande wa juu. Udongo utakwama hapo mvua kwa mvua. Hapa Dodoma kazi ya kuokoa ardhi iliyoliwa na maji tunaijua: mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa ili nchi ipumzike. Waliohamisha ng'ombe wao siku zile wanajua machungu yake. Afadhali mtu azibe korongo lake likiwa dogo, kwa mikono yake, kabla halijafika hapo.

Mwenye ardhi ya ziada isiyofaa chakula, akataka kupanda shamba kamili, apande mistari miwili miwili: kati ya mstari na mwenzake mita moja, kisha njia ya mita nne, ndipo jozi nyingine. Katika mstari, mche kwa mche sentimita 80. Eka moja itachukua miche 2,000 hivi. Katika njia ile ya mita nne, miaka miwili ya kwanza, panda kunde, njugu mawe au karanga. Palizi ya kunde itakuwa palizi ya mkonge, na hutaona miaka ya kungoja kuwa mirefu.

Juu ya kupalilia sitasema mengi. Mwaka wa kwanza na wa pili palilia mara mbili, baadaye mara moja. Jembe lisizame, kwa sababu ya ile mizizi ya juu. Na moto! Mkonge uliokomaa huweza kupona moto mdogo wa nyasi, lakini mchanga huungua. Safisha kando ya ua kabla ya Julai.

Adui mkubwa ni fukusi wa mkonge. Ni mdudu mweusi, mgumu, mwenye pua ndefu iliyopinda, urefu wake kama punje ya mhindi au kuzidi kidogo. Mkubwa hutoboa moyo wa mche mchanga, nawe utaona majani mapya yana matundu yaliyopangika mstari, kwa sababu alitoboa majani yakiwa bado yamekunjwa pamoja. Watoto wake ni funza weupe wasio na miguu, hukaa ndani ya shina linalooza. Basi mahali anapozaliana ni yale mashina ya mikonge iliyotoa mlingoti na kufa, ambayo watu huyaacha yasimame hata miaka mitatu. Yang'oe, yapasue kwa shoka, yaache jua liyakaushe. Kama fukusi wamekwisha ingia, tumia mtego: kata vipande vya shina bichi, vilaze kandokando ya miche upande uliokatwa ukielekea chini, na kila asubuhi vigeuze. Utawakuta wamejificha chini yake. Waue kwa mkono, au wape kuku. Dawa ya dukani kwa ua wa eka moja ni kutupa fedha.

Kukata. Katika mashamba ya Tanga yenye mvua nyingi hukata baada ya miaka miwili au mitatu. Kwetu ngojeni mwaka wa tatu uishe, mara nyingi hata wa nne. Alama ni hii: majani ya chini yamelala kuelekea ardhini, na urefu wake wapita mita moja kidogo au wakaribia hapo. Kata ya chini tu. Baada ya kukata ni lazima mmea ubakiwe na majani yasiyopungua 20 yaliyosimama. Hili ndilo jambo ambalo wenye tamaa hawalitii. Wakiona bei nzuri huukata mkonge mpaka ubaki kama nanasi, nao hukaa miaka miwili bila kutoa jani la maana, au hutoa mlingoti mwembamba ukafa. Jani ndilo ghala la mmea. Kata mara moja kwa mwaka, kwa kisu kikali, karibu na shina, ukibakiza kama inchi moja ili usilijeruhi. Kwanza ondoa mwiba wa ncha. Vaa nguo ya mikono mirefu, kwa sababu maji ya mkonge huwasha ngozi sana, na yakikuingia jichoni osha mara moja kwa maji safi mengi. Fungeni mizigo ya majani 30, kama wafanyavyo wakataji wa mashamba makubwa; hapo hesabu haipotei.

Tufanye hesabu ndogo ya ule ua wa miche 510. Tuseme kila mmea utoe majani 12 kwa mwaka, ambayo si mengi. Ni majani 6,120. Jani moja tuliweke nusu kilo, ni kilo 3,060, na singa kilo 3 katika kila 100. Utapata karibu kilo 90 za singa kavu kutoka mahali ambapo leo pana miiba mikavu tu. Hesabu hii ni ya ua uliopaliliwa na kukomaa. Ua uliotelekezwa hauna hesabu.

Singa hizo utazitoaje bila mashine? Chukua jani lililokatwa leo, lipige taratibu kwa rungu juu ya gogo hata mnofu ulegee, lipasue vipande vyembamba vya upana wa vidole viwili. Kisha weka bamba la chuma butu juu ya ubao, mtu mmoja akandamize, mwingine avute kipande katikati. Mnofu utabaki nyuma, singa zitatoka nyeupe zenye ukijani. Geuza, vuta upande wa pili. Zisuuze kwa maji, zianike juu ya kamba siku moja ya jua, zisiguse udongo. Ni kazi ya jasho, na kamba yake ni bora. Kule Usukuma watu walifanya hivyo kwa mkonge wa mipakani, wakauza singa zao bei ilipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wakulima wakiungana waweza kununua mashine ndogo ya kukwangua yenye injini, iitwayo raspado. Ile kubwa, korona, yahitaji maji mengi na majani ya shamba kubwa kila siku, msiifikirie. Na hiyo raspado isiachiwe kijana asiyefundishwa, maana haichagui kati ya jani na mkono.

Wako wengine hupenda kuloweka majani majini siku nyingi hata mnofu uoze wenyewe. Nawasihi sana, hapa Makutupora jambo hilo tusilifanye kando ya kisima, lambo wala mkondo wa maji. Maji ya mkonge hunuka, hutia uchachu, na huua samaki. Tena ardhi hii tunayoikalia ndiyo hifadhi ya maji: sehemu kubwa ya maji wanayokunywa watu wa Dodoma mjini hutoka katika visima vya hapa Makutupora na Mzakwe. Kinachooza juu ya mchanga huu hupenya chini. Mtu akilazimika kuloweka, atumie pipa mbali na visima, na maji yale ayamwage kwenye shamba la mkonge lenyewe. Mabaki ya mnofu yarudishwe huko huko. Yaache yaoze kwanza katika shimo la mboji, kisha yatawanye miguuni mwa mimea, kwa sababu mkonge huchota chokaa nyingi ardhini, na usipoirudisha, baada ya miaka kumi udongo utakuwa umechoka.

Mlingoti ukitokeza, usiukate kwa hasira. Mmea huo umekwisha, huwezi kuuzuia. Uache utoe vikonyo, vikusanye asubuhi kabla mbuzi hawajapita, ndipo ukate mlingoti wenyewe ukaukie kivulini. Ni mwepesi na mnyofu, unafaa kwa fito za dari, kitanda, uzio wa kuku na ngazi ya kupandia ghalani, ilimradi usiguse ardhi yenye mchwa. Shina ling'oe juma hilo hilo, na mahali pake weka otea moja lililonona. Atakayeona mdudu au ugonjwa asioujua, alete jani lenyewe au shina lililopasuliwa katika mfuko, asilete maelezo matupu. Nitakuwapo ofisini kila Jumatatu na siku ya mnada.